Namna ya kupima kina cha maji kwenye visima vinavyozunguka mgodi wa shimo la wazi

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi, vuli haijaanza na ng'ombe wamekonda, simu yangu inajaa meseji za aina moja. Kisima chetu kimekauka, mgodi umekula maji, tufanyeje. Na mimi huwa nauliza swali moja tu, mwezi kama huu mwaka jana maji yalikuwa mita ngapi toka juu? Hapo ndo panakuwa kimya. Kila mtu anakumbuka kwamba "yalikuwa karibu", bibi anakumbuka kamba ilikuwa fupi, lakini namba hamna, na upande wa pili wa meza mgodi wana namba za miaka kumi.

Sasa huu mwongozo nauandika kwa ajili ya watu wawili, kijana aliyetoka chuo akapewa dipa, ile futi ya umeme ya kupimia kina cha maji, na kuambiwa akapime visima bila maelezo ya maana, na pia mtu wa kamati ya maji kijijini ambaye hana dipa wala gari ila anataka kujua kisima chake kinaelekea wapi. Mifano yangu ni ya Kanda ya Ziwa maana ndo huko nimepimia, ila kazi ni ileile popote penye shimo kubwa.

Kwanza ujue shimo linafanya nini

Kama umekulia ziwani ulishacheza mchezo huu. Unachimba kashimo kwenye mchanga hatua chache toka majini, ukifika kina fulani maji yanaanza kuingia yenyewe toka pembeni. Ukiyateka kwa kopo yanaingia tena, na ukiendelea kuteka bila kupumzika mchanga wa pembeni unaanza kukauka, kashimo alikochimba mwenzako hatua mbili toka kwako nako kanapungua maji. Mgodi wa wazi ni huohuo mchezo, ila kopo ni pampu zinazofanya kazi usiku na mchana. Lazima wapampu, maana mashine haziwezi kufanya kazi kwenye dimbwi, matundu ya baruti yakijaa maji ulipuaji unakuwa shida, alafu kubwa kuliko yote, ukuta wa shimo ukiwa na maji mengi nyuma yake unasukumwa na unaweza kuporomoka. Kwa hiyo usidhani mgodi hawapimi, wanapima sana, ila wanapima kwa ajili ya ukuta wao.

Maji yakivutwa hivyo, usawa wa maji chini ya ardhi unabonyea kama ungo, katikati chini na pembeni juu. Kwenye vitabu huo ungo umechorwa duara safi kabisa. Huku kwetu sahau. Mwamba wa Kanda ya Ziwa ni wa zamani sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5, kuna ile miamba ya kijani yenye dhahabu na kuna granaiti, na yenyewe kama yenyewe haina nafasi ya kubeba maji. Maji yako sehemu mbili. Juu kuna mwamba uliooza ukawa kama udongo, huo unashika maji kama sponji na visima vingi vya kuchimba kwa mkono vimeishia humo, alafu chini kuna mwamba mgumu wenye nyufa na maji yanapita kwenye nyufa tu. Ndo maana kisima kilichoko kilomita mbili toka shimoni kinaweza kushuka wakati cha mita mia tano kimetulia tuli, kwa sababu cha mbali kipo kwenye ufa mmoja na shimo na cha karibu kimekingwa na ukuta wa mwamba mwingine uliopita katikati. Usitumie umbali peke yake kubishana na mtu.

Hatua ya 1: Chagua visima, na uanze mapema

Mapema maana yake ni kabla shimo halijafika kwenye maji. Mwaka mmoja kamili wa namba kabla ya pampu kuwashwa ndo kiwango cha chini, ili uwe umepita kiangazi kimoja, vuli moja na masika moja, na ukipata miwili ni bora zaidi. Kama mgodi upo tayari basi anza leo, hiyo leo ndo itakuwa mwanzo wako.

Visima sita au nane vinatosha kwa kijiji. Chukua viwili vilivyo karibu na shimo, viwili umbali wa kati pande tofauti, kimoja upande wa bwawa la tope la mgodi, lile wanalomwagia mabaki yao, kama lipo, na usisahau kimoja cha kulinganishia. Hiki cha kulinganishia ndo watu wanakiruka na ndo kinaokoa hoja yote. Kiwe mbali kabisa na shimo, ikiwezekana ng'ambo ya kilima au mto, ila kwenye mwamba wa aina ileile na mvua ileile. Kazi yake ni kukuambia hali ingekuwaje kama mgodi usingekuwepo.

Jitahidi pia uchanganye vifupi na virefu. Kisima cha mita 12 na cha mita 70 vilivyo kwenye kiwanja kimoja vinaweza kusoma maji mawili tofauti kabisa, na ukichukua kimoja tu utaona nusu ya habari. Kama kuna hela ya kuchimba vipya vya kupimia, pizomita, basi vichimbwe viwiliviwili, kifupi na kirefu, kila kimoja bomba lake lina matundu kwenye tabaka lake tu na juu ya matundu pamezibwa kwa udongo wa bentonaiti ili maji ya juu yasishukie chini. Bomba la PVC la inchi mbili linatosha, hushushi pampu humo. Na kwa Tanzania kuchimba kisima kirefu sio kazi ya kuita tu jamaa mwenye mashine, inatakiwa kibali toka bodi ya maji ya bonde lenu na mchimbaji awe na leseni.

Kila kisima kipe jina fupi ambalo halibadiliki, K1, K2, hivyo hivyo. "Kisima cha kwa mzee fulani" ukikiandika leo, mzee akihama au akiuza kiwanja hakuna atakayejua ni kipi.

Hatua ya 2: Weka alama ya kuanzia kipimo

Kama utasoma hatua moja tu basi iwe hii.

Kina cha maji ni umbali toka sehemu fulani hadi kwenye maji. Hiyo sehemu fulani lazima iwe ileile kila siku, miaka yote. Sio "toka juu", juu wapi? Mdomo wa bomba? Zege? Ardhini? Chukua rangi ya mafuta nyekundu, piga mstari mdogo kwenye mdomo wa bomba upande wa kaskazini, au kwa kisima cha kuchimba kwa mkono chonga kialama kwenye zege la mdomo kwa tindo alafu paka rangi. Piga picha. Alafu pima alama iko sentimita ngapi juu ya ardhi na uandike.

Nitawaambia kilichotupata. Kuna kisima tulikuwa tunakipima kila mwezi, kimetulia, kinapanda na kushuka na mvua kama kawaida, ghafla mwezi mmoja kikaonyesha maji yameshuka sentimita 34. Namba ikaingia kwenye ripoti, ripoti ikasomwa mbele za watu, kikao kikachafuka, mzee mmoja akasimama akasema si niliwaambia. Nikarudi kesho yake na tochi. Nimezunguka kile kisima mara tatu ndo nikaona zege la mdomo ni jipya. Fundi alikuwa ameitwa kukarabati, akapandisha mdomo tofali moja na plasta juu ili mbuzi wasiingize vichwa, na alama yangu nyekundu ikafunikwa humo ndani. Maji hayakuwa yameshuka hata kidole, ni mdomo umepanda. Ilituchukua miezi kuaminika tena, na wala siwalaumu.

Tangu siku hiyo kila nikipima naandika pia urefu wa alama toka ardhini. Sekunde kumi tu. Ukikuta umebadilika, unajua kabla hujafika kikaoni.

Baadaye mkipata mpimaji ardhi mwenye kifaa kizuri, mwombeni awape mwinuko wa kila alama toka usawa wa bahari. GPS ya simu usiitumie kwa hili, kwenye mwinuko inakosea kwa mita nyingi. Ukishapata mwinuko hesabu ni kutoa tu. Tuseme alama ya K3 iko mita 1,187.30, dipa imesoma 14.62, basi maji yapo mita 1,172.68. Ukifanya hivyo kwa visima vyote unaweza kuvilinganisha hata kama kimoja kipo kilimani na kingine bondeni, na utaona maji yanaelekea wapi, maana yanatoka kwenye namba kubwa kwenda kwenye ndogo. Kwa kulinganisha tu, uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 au 1,135 hivi. Shimo likishapita chini ya hapo watu huanza kuuliza kama ziwa litaingia mgodini, swali zuri, na jibu lake ni nyufa za mwamba na umbali, huwezi kulijibu kwa mwinuko peke yake.

Hatua ya 3: Kifaa

Dipa ya umeme ndo kifaa chenyewe. Ni futi ndefu iliyozungushwa kwenye ringi, mwishoni ina kichwa chenye ncha mbili, kichwa kikigusa maji umeme unapita na ringi inalia piii na taa ndogo inawaka. Ni ghali kwa kamati ya kijiji lakini wilaya au bonde wanazo, na vijiji vitatu vinaweza kuchanga wakanunua moja.

Kama huna, tengeneza ya kwako. Nunua futi ya fundi ya mita 30 au 50, kata kipande cha bomba la chuma kama sentimita kumi, ziba upande mmoja na ufunge hapo futi, upande wa chini uache wazi. Ukishusha kikapiga uso wa maji kinatoa sauti, plop, kama kikombe kilichogeuzwa ukikipiga kwenye ndoo. Unapandisha kidogo na kushusha kidogo hadi unasikia plop palepale, unabana futi kwenye alama kwa kidole, unasoma. Usisahau tu kwamba sifuri ya futi haipo kwenye mdomo wa kile chuma, pima umbali toka mdomo wa chuma hadi sifuri na ujumlishe kila mara, uandike kabisa kwenye jalada la daftari. Kwa kisima cha hadi mita 25 hivi kifaa hiki kinakupa jibu la sentimita moja au mbili, inatosha kabisa. Futi za nailoni zinavutika zikizeeka, kwa hiyo mara moja kwa mwaka ilinganishe na futi ya chuma.

Kabla ya kushusha chochote kwenye kisima cha watu wanaokunywa, kifute kwa maji ya klorini, alafu ukifute tena ukihamia kisima kingine. Watu wanakuangalia, na hata wasipokuangalia.

Hatua ya 4: Kupima kwenyewe

Muda mzuri ni alfajiri, saa kumi na moja, kabla ndoo ya kwanza haijashuka. Usiku kucha maji yamepata muda wa kurudi kwenye usawa wake. Ukija saa nne wakati akina mama wameshateka ndoo hamsini unapima mateko, hupimi maji ya ardhini. Lakini alfajiri nako kuna foleni, kwa hiyo fika na heshima zako, shikamoo mama, naomba dakika tano tu nipime kabla hamjaanza, na kwa Usukumani ukimwita mama mtu mzima "mayu" foleni inakufungukia yenyewe. Waeleze unapima nini na uwaonyeshe namba. Kisima kimoja yule mama aliyezoea kuwa wa kwanza ndo alikuja kuwa mpimaji wetu bora kuliko sisi wote, maana yeye yupo pale kila siku na sisi tulikuwa tunakuja na gari mara moja kwa mwezi, likiharibika hatuji.

Shusha dipa taratibu. Ikilia, pandisha hadi inyamaze, shusha tena nywele kwa nywele hadi ilie, bana kidole kwenye alama, soma. Toa mita moja nje, rudia. Ukipata namba mbili zinazotofautiana chini ya sentimita moja andika, zikipishana zaidi rudia ya tatu. Alafu subiri dakika kumi upime tena. Kama maji sasa yako juu zaidi ya mwanzo kwa sentimita mbili tatu, yaani namba imepungua, maana yake kisima bado kinajirudia toka kwenye pampu au mateko, na hiyo namba uiandike ila uweke maneno "kinajirudia" pembeni.

Dipa inadanganya pia. Kwenye visima virefu vya mwambani kuna wakati maji yanatiririka ukutani toka kwenye ufa wa juu, dipa ikigusa yale inalia wakati maji yenyewe yako mita nane chini. Ukisikia mlio wa kukatakata usio na msimamo usiandike, punguza usikivu wa kifaa uendelee kushusha. Na kinyume chake, maji ya mvua mapya hayana chumvi, dipa inaweza isilie kabisa, hapo ongeza usikivu.

Pampu za mkono ni kero, maana kichwa cha pampu kimeziba mdomo. Nyingine zina katundu pembeni kwenye bamba la juu, nyingine lazima fundi wa pampu afungue boliti. Usilazimishe futi ipite pembeni ya bomba la kupandishia maji, itanasa, na ikinasa pampu yote inang'olewa kwa ajili yako. Na kisima cha kuchimba kwa mkono usiingie ndani kwa sababu yoyote ile, hata kichwa cha dipa kimekuangukia humo. Hewa ya chini inaua mtu akiwa hajapiga hata kelele.

Pima mara moja kwa mwezi, tarehe zilezile. Visima vilivyo karibu na shimo au vinavyoshuka kwa kasi, kila wiki.

Hatua ya 5: Andika na vitu vingine

Daftari la mstari, penseli, sio peni, peni ikilowa umekwisha. Kila safu iwe na tarehe, saa, jina la kisima, kipimo cha kwanza, cha pili, urefu wa alama toka ardhini, pampu ilikuwa imezimwa toka lini, jina la aliyepima. Ukikosea piga mstari mmoja uandike pembeni, usifute. Jioni piga picha ukurasa utume kwenye grupu la WhatsApp la kamati, hiyo ndo bakapu yenu na pia ni ushahidi wa tarehe.

Kipimo cha maji bila mvua ni nusu. Nunua kipima mvua cha plastiki, kiweke uwanjani mbali na paa na miti, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi. Shule ya msingi ndo mahali pazuri, walimu wanapenda na watoto hawasahau. Pia andika nani mwingine anapampu. Huku kwetu kuna maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, wanashusha pampu mashimoni usiku kucha kutoa maji ili waingie, na duara moja lililoko mita mia mbili toka kisimani linaweza kukishusha kuliko shimo kubwa lililoko kilomita tatu. Ukiliacha kwenye daftari kwa kuogopa kuwaudhi ndugu zako, mtu wa upande wa pili atalitaja yeye kikaoni na utaonekana ulificha.

Hatua ya 6: Loga, kama mnazo

Loga ni kidude cha chuma kama kalamu nene, kinaning'inizwa ndani ya maji na kinaandika mgandamizo kila saa. Kizuri sana, kinaona vitu ambavyo mtu wa mara moja kwa mwezi haoni, mfano siku pampu mpya ilipowashwa. Ila kinapima maji na hewa iliyo juu yake kwa pamoja, lazima uwe na loga nyingine ya hewa tupu utoe. Kwa miinuko yetu ya mita 1,200 hivi hewa peke yake ina uzito wa karibu mita 9 za maji, pwani ni kama 10.3, na nimeona mtu ametoa ile ya pwani aliyoikuta kwenye kitabu, visima vyake vyote vikawa na kosa la zaidi ya mita moja alafu akashangaa.

Hewa nayo ina mawimbi yake ya kila siku, inapanda saa nne asubuhi na saa nne usiku, inashuka saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, kama sentimita tatu za maji hivi. Ukiona grafu ya loga inacheza mara mbili kwa siku usikimbilie kusema ni pampu za mgodi.

Ining'inize kwa waya wa chuma kisichoshika kutu, kamba ya nailoni inavutika na loga inashuka yenyewe huku wewe unadhani maji yanapanda. Na kila ukienda kupakua data pima kwa dipa palepale. Loga bila kipimo cha mkono cha kuihakikisha mimi siiamini hata iwe ya bei gani.

Hatua ya 7: Chora na usome

Karatasi ya miraba au Excel, yoyote. Miezi chini, kina upande, lakini geuza kina ili sifuri iwe juu, mstari ukishuka basi maji yameshuka na kila mtu kwenye mkutano anaelewa bila kuelezwa. Chini yake weka mvua za kila mwezi.

Kwa huku maji ya kisimani yanafuata mvua kwa kuchelewa, wiki kadhaa hadi miezi miwili, kwa hiyo yanakuwa juu baada ya masika, mwezi wa tano au wa sita, na chini kabisa mwezi wa kumi. Linganisha Oktoba na Oktoba. Ukilinganisha Mei na Oktoba kisima chochote duniani kitaonekana kinakufa.

Sasa weka mstari wa kila kisima juu ya ule wa kulinganishia. Vyote vikishuka pamoja na cha mbali nacho kimeshuka hivyohivyo, na mvua ilikuwa haba, hiyo ni mvua, hata kama roho inauma. Cha mbali kikipanda baada ya masika kama kawaida ila viwili vya karibu vikagoma kupanda, au vinapanda kila mwaka pungufu ya mwaka uliopita, hapo una kitu mkononi. Ngazi ya ghafla, maji yalikuwa sawa alafu yanashuka mita moja ndani ya wiki mbili na kukaa hukohuko, mara nyingi ni pampu mpya au shimo limekata ufa, uliza tarehe. Virefu kushuka huku vifupi vimetulia ni dalili kwamba mwamba wa chini unavutwa na ule sponji wa juu bado unashikilia, ila usishangilie, vifupi huwa vinafuata baadaye.

Na kisima kikipanda? Kama ni kile cha karibu na bwawa la tope na kimepanda kiangazi bila mvua, hiyo sio baraka, yawezekana bwawa linavuja kuja kwenu. Hapo kina hakitoshi, pima chumvi kwa kile kimita kidogo cha kuchovya, na mwombe mtu wa maabara ya maji achukue sampuli. Msinywe kwanza.

Hatua ya 8: Peleka wapi

Namba zianzie serikali ya kijiji, mhuri upigwe, alafu RUWASA wilaya kwa maana ndo wanaosimamia maji vijijini tangu 2019, na bodi ya maji ya bonde kwa maana kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 wao ndo wanaotoa vibali vya matumizi ya maji, cha mgodi kikiwemo. Nchi ina mabonde tisa, upande wa Geita na Mara ni Bonde la Ziwa Victoria na ofisi yake iko Mwanza. Mambo ya mpango wa mazingira wa mgodi ni NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa taifa. Omba mbele ya kikao kwamba mgodi walete grafu za visima vyao vya karibu na mpaka wa kijiji mziweke juu ya zenu. Namba zikifanana imani inaongezeka pande zote, zisipofanana mnaenda wote siku moja na dipa mbili kwenye kisima kimoja, mnapima mbele ya watu. Nimeshafanya hivyo, tofauti ikawa sentimita mbili na wazee wakaondoka wakicheka.

Mgodi ukifungwa

Pampu zikizimwa maji yanaanza kurudi na shimo linageuka ziwa, miaka mingi, sio miezi. Ungo unajaa polepole, visima vya karibu vinaanza kupanda na vingine havirudi pale vilipokuwa, maana ziwa jipya lenyewe linapoteza maji kwa jua. Huu ndo muda watu wanaacha kupima kwa sababu kampuni imeondoka na gari limeondoka. Endeleeni, hata mara nne kwa mwaka.

Na kabla hawajaondoka hakikisheni visima vyao vya kupimia havizibwi vyote, vinakabidhiwa bonde na kijiji kwa maandishi, pamoja na mwinuko wa kila alama, michoro ya jinsi kila kimoja kilivyochimbwa, namba zote za nyuma kwenye flashi, na funguo za makufuli. Naongelea funguo kwa sababu nimeshakuta visima vitatu vizuri kabisa, vina kofia za chuma na zege safi, vimefungwa, na kijiji kizima hakuna anayejua funguo ziko wapi. Tulikata kufuli la kwanza kwa msumeno, na ndani ya kofia nyuki walikuwa wameshahamia zamani. Kwa hiyo gonga kwanza.